Muulize Fundi Turubai: Hema la kwenda nalo mtoni

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na wenzangu wawili tunakaa Morogoro mjini, na mwisho wa wiki tukipata nafasi tunashuka Ifakara kuvua kwa ndoano mto Kilombero. Tunapanda basi, halafu bodaboda mpaka karibu na maji. Mara nyingi tunafika jua linazama na mbu wameshaanza kazi. Hema letu ni la bei poa: ufito mmoja umepasuka, zipu imegoma, na kulisimamisha gizani tunaishia kugombana. Nimeona yale mahema ya kurusha, unalitupa linafunguka lenyewe. Yanafaa? Tunataka la haraka, lakini lidumu.
Mvuvi wa Jumamosi, Kihonda

JIBU: Marahaba, mwanangu. La kurusha achana nalo.

Nalifahamu kwa sababu huishia kibandani kwangu, mwenyewe amenuna. Ndani yake kuna pete za chuma cha springi zilizoshonewa kwenye kitambaa. Ukilitoa mfukoni pete zinajiachia, hema linasimama kabla hujamaliza kusema bismillahi. Hapo sina neno. Shughuli ni asubuhi. Kulirudisha mfukoni kunataka ulibane, ulizungushe pete ziingiane, na asiyejua mzunguko wake hutumia nguvu. Chuma cha springi ukikilazimisha kinapata kona, na kikishapata kona hakirudi. Baada ya hapo hema linasimama limeinamia upande mmoja, na mimi sina dawa ya kukupa zaidi ya kukata pete yote na kuitoa.

Na hata ukijua kulikunja, hebu fikiria hiyo bodaboda. La watu watatu likiwa limekunjwa ni duara linalokaribia mita moja kwa upana. Mgongoni una begi, mkononi ndoo ya chambo, fimbo ya kuvulia imefungwa ubavuni mwa pikipiki. Duara hilo utalikumbatia vipi mpaka mtoni? Isitoshe, mengi ya aina hiyo yana kitambaa kimoja tu, ndani hakuna chumba cha pili. Joto la Ifakara unalijua. Utaamka umelowa, useme limevuja.

Lina ndugu yake, lile la mwavuli, ambalo fito zake zimeungwa tayari kwenye kitovu cha juu. Unavuta kamba au unasukuma kitovu, miguu inajifunga. Mwenye gari namruhusu. Wewe nakukataza, maana ni zito, mfuko wake ni mrefu, na kila kitu kinategemea plastiki ya kile kitovu. Kikipasuka huwezi kuingia Kariakoo ukaomba kitovu cha hema. Ufito mmoja wa kawaida unapata, au ninakutengenezea.

Lenu liwe la kuba, lenye fito mbili ndefu zinazopishana juu, chumba cha ndani cha wavu na paa la nje la kujitegemea. Tena liwe linalosimama lenyewe hata kabla ya kigingi cha kwanza. Kwa mtu wa mtoni sifa hiyo ina kazi mbili. Kwanza, kingo nyingi za mto ni mchanga, na kigingi chembamba kwenye mchanga hakishiki kitu. Pili, mkiona maji yanapanda, watu wawili mnalinyanyua likiwa limesimama hivyo hivyo mnahamia juu.

Sasa hiyo haraka mnayoitafuta. Tazama jinsi chumba kinavyoshikana na fito. Kuna mahema yenye mikondo ya kitambaa, ambayo lazima uupenyeze ufito kutoka mwanzo mpaka mwisho. Gizani ufito unakwama katikati, mmoja anavuta badala ya kusukuma, viungo vinaachana ndani kwa ndani, na hapo ndipo ugomvi wenu unapozaliwa. Mengine yana vibanio vya plastiki: unasimamisha fito kwanza, kisha unabandika vibanio kimoja baada ya kingine. Chukueni la vibanio. Mkondo unagawa mzigo vizuri zaidi kwenye upepo mkali, hilo nakubali, ila Kilombero si mlimani.

Kuna ujanja mmoja ambao wauzaji hawausemi. Mengi ya mahema haya paa la nje linafungwa kwenye pembe nne kwa vibanio vidogo au pete. Asubuhi mkiondoa, msitenganishe paa na chumba. Toeni fito tu, kunjeni vyote viwili pamoja. Safari ijayo mnachomeka fito na hema zima linapanda kwa mpigo mmoja, chumba hakipati tone hata kama mvua inanyesha. Watu wawili waliozoea humaliza ndani ya dakika tano. Lisimamisheni kwanza uani, mchana, na siku nyingine usiku taa imezimwa, kabla ya kulipeleka mtoni.

Upande wa kudumu nitasema kirefu, maana ndio unaonilisha. Watu wakinunua hema hushika kitambaa, wanakisugua kwa vidole, wanatikisa kichwa kana kwamba wananunua kanga. Kitambaa mara chache ndicho kinachoanza kufa. Inayoanza ni zipu. Likiwa dukani, lisimamishwe, mwambie muuzaji huondoki mpaka lisimame. Funga na fungua mlango wote mara kadhaa kwa mkono mmoja, hasa pale kwenye kona ya chini ambapo zipu inapinda. Ikisita pale ikiwa mpya, mchanga wa mto utaimaliza. Kisha shika kile kikokota, kidude unachokivuta kufunga zipu: kikiwa chembamba na chepesi, kitapanuka mapema, na kikishapanuka meno hayashikani hata ufanyeje. Meno ya plastiki ya mviringo, mapana, yanavumilia mchanga kuliko membamba. Mkirudi nyumbani pitisheni mswaki mkavu kwenye meno, halafu sugueni kipande cha mshumaa. Mafuta ya kula msitie, yanakamata vumbi.

Ya pili ni fito. Huo wenu uliopasuka bila shaka ni wa fibaglasi, ule wa kijivu au mweusi unaopasuka kwa urefu na kuacha vibanzi vinavyowasha mkononi. Fibaglasi haitoi taarifa. Leo mzima, kesho umegawanyika. Alumini hupinda kwanza, na ikipinda unapata nafasi ya kuiwahi. Mkipata la fito za alumini, ongezeni hela mchukue. Mkikosa, angalau fibaglasi iwe nene, na kila mara mbebe kipande cha bomba la alumini chenye urefu wa kiganja, kipenyo kikubwa kidogo kuliko ufito. Ufito ukivunjika mnauvalisha bomba pale palipovunjika, mnafunga na selotepu nzito pande zote mbili, mnalala. Tahadhari wakati wa kukunja: msianze kuachanisha fito kutoka ncha moja. Anzieni katikati, kamba ya ndani isivutwe yote upande mmoja.

Ndipo tuje kwenye kitambaa. Lebo itakuwa na namba ya milimita, na wengi wanaisoma kama mapambo. Ile ni urefu wa maji yanayoweza kusimama juu ya kitambaa kabla tone halijapenya. Paa la nje likiwa na 1,500 hadi 2,000 linahimili mvua ya kawaida ya kwetu. Sakafu ndiyo ya kuwa wakali nayo: isipungue 3,000, na 5,000 ni bora, kwa sababu goti la mtu mzima likikandamiza udongo uliolowa linasukuma maji juu kwa nguvu kuliko mvua inavyoyasukuma chini. Sakafu iwe imepanda ukutani kama karai, mshono wake usiguse ardhi. Paa liwe la polista, si nailoni: nailoni ikilowa inalegea, mnaamka usiku kukaza kamba, na jua inalivumilia kidogo. Jua lenyewe ndilo adui. Hema linaloachwa wazi mchana kutwa wiki baada ya wiki huja kwangu likichanika kwa kidole. Asubuhi mkienda kuvua, lishusheni.

Wavu ukague kwa jicho. Chandarua cha kawaida kina matundu 156 kwa inchi ya mraba. Mbu hapiti, usubi anapita akiimba. Kando ya Kilombero usubi upo, kwa hiyo wavu wa hema uwe wa tundu dogo kuliko wa chandarua cha nyumbani. Ukiona matundu waziwazi ukiwa umeushika mbali kwa urefu wa mkono, rudisha.

Ukubwa: mko watatu, nunueni la wanne. Mtengenezaji anapoandika watatu amewapima wakiwa wamelala chali, bila mabegi, na hakuna anayejigeuza.

Sasa mahali pa kulisimamisha, maana hema zuri mahali pabaya ni hasara tupu. Kiboko anatoka majini usiku kula majani, na anarudi kwa njia ile ile. Njia yake utaijua: udongo umebonyea, majani yamelala, na vichaka vya kando vimepakwa kinyesi kilichotapanywa. Msiweke hema pale wala karibu na pale, na msikae kati ya njia hiyo na maji. Mamba naye hana haja ya njia. Kaeni mbali na ukingo, juu, mita hamsini au zaidi, na usiku mtu asishuke kunawa sahani. Maji ya kutumia tekeni kabla jua halijazama.

Tazameni miti. Mkiona takataka na majani makavu yamenasa kwenye matawi juu ya kichwa chenu, hapo ndipo mto ulipofika mwaka fulani. Kilombero hupokea mito inayoshuka kutoka Udzungwa, na huko inaweza kunyesha usiku kucha wakati nyie mnahesabu nyota. Kuanzia Machi hadi Mei mimi nisingelala bondeni kabisa, hata mniazime hema la rais. Na kivuli cha mwegea, kile kinachovutia sana kando ya mito, msikilalie. Tunda lake moja lina uzito wa kilo kadhaa, linadondoka bila kuuliza.

Kwenye mchanga acheni vigingi vya waya vilivyokuja na hema. Bebeni viroba vinne vitupu. Jazeni mchanga, fungeni kamba ya hema katikati ya kiroba, kifukieni kwa kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Upepo uje. Viroba vitupu havina uzito wowote begini.

Samaki, chambo na ndoano visiingie ndani. Ndoano moja iliyosahaulika kwenye godoro inatoboa sakafu ile ile mliyoilipia milimita 5,000. Na harufu ya kambale ndani ya hema ni mwaliko kwa siafu. Siafu wakiingia saa nane usiku hakuna mlango wa haraka duniani.

Kabla hamjaondoka, mpitie ofisi ya kijiji na kwa afisa uvuvi. Bonde la Kilombero lilitambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na si kila mahali mtu anaruhusiwa kuvua au kupiga kambi. Ule ufito wenu uliopasuka nitakutengenezea. Ulete mzima mzima pamoja na vipande vyake, usinipigie simu kunitajia urefu kwa makadirio.

SWALI: Fundi, salaam kutoka Embu. Nilinunua hema la mtumba, zuri ajabu, kwa safari zangu za kuvua mto Sagana. Lilikaa stoo tangu mwaka jana. Nimelifungua juzi, sakafu inanata, imeshikana yenyewe kwa yenyewe, na lina harufu ya matapishi. Nimeliosha na sabuni ya unga lakini wapi. Liliharibiwa na nini, na laweza kuokolewa?
Msomaji wa Embu

JIBU: Ndugu yangu, pole. Upande wa ndani wa kitambaa hicho umepakwa utando wa poliuretani, ndio unaozuia maji. Unyevu na joto vikikaa nao muda mrefu, utando unaoza: unaanza kunata, kisha unanuka hivyo unavyonuka, mwisho unabanduka vipande vyeupe. Huenda ulikuwa umeshaanza kabla hujanunua, na muuzaji akaupaka poda usinate mkononi. Mtumba wa hema unanuswa kwanza, ndipo unakunjuliwa.

Utando ulioanza kunata haurudi. Sabuni ya unga haina kosa, ila haiwezi kufufua kitu. Kama paa la nje ni zima na kilichooza ni sakafu peke yake, hema linaokoka. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kushonea viti vya magari au maturubai. Akate sakafu yote, abakize ukingo wa kushonea, aweke turubai la plastiki nzito lile la kufunikia lori, lipande ukutani kiasi cha shubiri. Uzi uwe wa polista, wa pamba utaoza. Mishono ipakwe gundi ya kuziba kwa ndani, iachwe ikauke siku nzima. Litaongezeka uzito, utalisikia begani, lakini sakafu hiyo itakuzika.

Kama paa nalo linanata, usitupe hela. Toa fito, zipu nzima na vibanio uweke akiba ya spea, kilichobaki kifunikie kuni.

Mkirudi kutoka mtoni, hata kama mmechoka, hema litundikwe kivulini mpaka mishono ikauke, si kitambaa tu. Mshono ndio unaokauka mwisho. Kisha usilikaze kwenye ule mfuko wake mdogo. Liweke kwenye gunia au foronya kubwa, mahali pakavu pasipo na bati la moto juu yake.

SWALI: Shikamoo. Sisi watu wa Utete tunahamia mashambani kando ya Rufiji majuma mengi, tunalima na tunavua. Zamani tulilala kwenye dungu. Kijana wangu wa Dar anataka kuniletea hema la nailoni. Nimwambie alete?
Mama Mkulima, Utete

JIBU: Marahaba, mama yangu, ingawa nadhani ni mimi ninayestahili kukuamkia. Shikamoo.

Mwambie asilete. Hema la nailoni ni la mtu wa siku mbili tatu. Wewe unakaa majuma, jua linalichoma kila siku, na halina kimo cha wewe kusimama ukavaa kitenge. Hela hiyo hiyo aiongeze, akushonee turubai la pamba, nene, la gramu 350 au zaidi kwa mita ya mraba, lenye nguzo ya katikati. Likiwa jipya limwagie maji mpaka lilowe kabisa, likauke, rudia. Nyuzi za pamba zikilowa zinavimba na kuziba matundu ya sindano. Ukiruka hatua hiyo, mvua ya kwanza itakutiririkia kwenye mishono na utanilaani bure.

Dungu usilibomoe, mama. Mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti mliyaona wenyewe. Hema halina miguu, dungu linayo. Chini weka turubai la kukaa na kupikia pembeni, juu kwenye dungu ulale na chandarua chako.

SWALI: Fundi, hema langu linavuja kila usiku hata mvua isiponyesha. Nilibadilishe?
Kijana wa Kidatu

JIBU: Halivuji, kijana, linatoka jasho. Pumzi zenu na unyevu wa mto vinapanda, vinakutana na paa lililopoa alfajiri, vinakuwa maji. Usiku mwingine pitisha kiganja ndani ya paa la nje. Ukikuta matone yametapakaa kila mahali, ni jasho: fungua madirisha ya juu, kaza kamba ili paa lisiguse chumba, na msogee mbali kidogo na maji. Ukikuta yamejipanga kwenye mstari wa mshono tu, hapo linavuja kweli. Nunua gundi ya kuziba mishono, paka likiwa kavu na limekazwa.

Angalia na turubai unalotandika chini yake. Likizidi sakafu kwa pembeni, linakinga maji ya mvua na kuyaleta chini ya mgongo wako. Kunja kingo zake ziingie ndani, lisionekane ukiwa umesimama nje.